Waswahili wa Bwiza: Wageni katika Mji wa Babu Zetu



Kamati ya jumuiya imetuomba sisi walimu tuandike habari za tulikotoka kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu. Wenzetu waliotoka milimani wana mengi ya kusimulia juu ya ng'ombe, ngoma na mavuno, na sisi hupenda kuwasikiliza. Lakini sisi tuliozaliwa Bwiza, katikati ya mji wa Bujumbura, tumenyamaza muda mrefu. Kila tulipotaka kusema "kwetu" alitokea mtu wa kutuuliza: kwenu ni wapi hasa?

Swali hilo tumelisikia katika nchi tatu. Nyumbani Burundi tuliitwa Waswahili, yaani watu wa kuja. Tulipokimbilia Uvira tukaitwa Warundi. Hapa mkoani Kigoma, tukifungua kinywa sokoni na kusema "niko nakuja", muuza nyanya anacheka na kuwaambia wenzake kwamba hao si watu wa hapa. Hatumlaumu, kwa maana Kiswahili chetu kimekunywa maji ya Rusizi na ya Kongo, hakikukulia Dodoma. Lakini mtu anayeambiwa mahali pote kwamba yeye ni wa mahali pengine ana haki ya kufungua historia na kutafuta mwenyewe.

Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walisafiri kwa mtumbwi kutoka Ujiji kwenda kutazama ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Walilala Mugere, kusini kidogo ya mahali ulipo mji wa Bujumbura, na jiwe la ukumbusho lipo pale. Watoto wa shule hupelekwa kulitazama, wakaelezwa habari za Wazungu wawili. Hawaelezwi kwamba Wazungu hao hawakupiga makasia wenyewe! Waliovuta makasia, waliopika na waliotafsiri walikuwa watu wa msafara, na lugha ya misafara ilikuwa Kiswahili. Basi Kiswahili kilikwisha kusikika katika pwani ile zaidi ya miaka ishirini kabla Wajerumani hawajaweka kituo chao cha kijeshi cha Usumbura mnamo 1897.

Hatutaki kuipamba habari hii. Biashara iliyoleta lugha yetu ilibeba pembe na chumvi, ikabeba na watu waliofungwa kamba. Katika miaka ya 1880 Mohamed bin Khalfan, yule aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alitaka kuingia Burundi kutoka upande wa ziwa, na Warundi wakamzuia. Kumbukumbu ya woga ule ndiyo iliyoshika jina la Mswahili, na haikuliachia tena. Kwa Kirundi mpaka utoto wetu neno "umuswahili" lilikuwa na maana ya mtu mjanja, mwongo, mwenye maneno mengi. Lakini tazameni jambo hili: wengi wa babu zetu walikuwa Wamanyema, watu wa Kasongo na Nyangwe, na nchi yao ndiyo iliyoumizwa sana na biashara hiyo. Baadhi yao waliifuata misafara kwa hiari, baadhi walichukuliwa. Mjukuu wa mtu aliyetekwa akarithi jina la mtekaji. Sisi tulikuwa watu wazima tulipolifahamu hilo, na tulilifahamu kutoka kwa wazee, si darasani.

Kituo cha Wajerumani kilihitaji askari, wapagazi, waashi, washonaji na wachuuzi. Wakaja watu wa Ujiji, wa Ubwari, wa Manyema, wa pwani. Wakaja Waarabu wa Oman na Wahindi wenye maduka. Mwaka 1903 Mwami Mwezi Gisabo alilazimishwa kukubali mamlaka ya Wajerumani pale Kiganda, na mwaka 1912 makao ya utawala yakahamishiwa Gitega. Watu wa Usumbura hawakuhama. Walibaki na soko lao, misikiti yao na mitumbwi yao, na Wabelgiji walipofika mwaka 1916 waliukuta mji ambao lugha yake ilikuwa Kiswahili.

Wabelgiji walipanga mitaa ya weusi kwa avenyu zenye namba. Buyenzi ikawa hasa ya Waislamu. Mtaa jirani, ambao wazee wetu waliuita Belge mpaka walipokufa, ukakusanya watu wa kila namna, wengi wao kutoka Kongo. Huo ndio Bwiza, jina lenye maana ya uzuri. Kwa sheria mitaa hii iliitwa kwa Kifaransa "centre extra-coutumier", yaani kituo kilicho nje ya mila. Maneno haya tuliyakuta katika kitabu tulipokuwa chuo cha ualimu, tukayasoma mara mbili. Mtawala aliona kwamba Mrundi wa mlimani ana chifu na ana desturi, hali mtu wa Belge hana chochote ila kibali cha kukaa. Alituandika kuwa watu wasio na mila, na nchi ilipojitawala maandishi yale yalibaki vichwani mwa watu.

Shule nazo zilikuwa mikononi mwa misheni. Mzazi wa Kiislamu aliogopa kwamba mtoto atarudi na jina la ubatizo, akamweka nyumbani au akampeleka madrasa. Ndiyo maana babu zetu walikuwa hodari wa cherehani, udereva na biashara, wala si ukarani. Baadaye wakasemwa kwamba Waswahili hawapendi elimu.

Pamoja na hayo, siku ya kutafuta uhuru ilipofika, mwana wa Mwami hakwenda kwa makarani peke yao. Louis Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanyabiashara mwaka 1957, na wachuuzi wa mitaa yetu walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema, kisha wakakiunga mkono chama cha UPRONA. Chama hicho kilishinda uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961. Rwagasore aliuawa tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo. Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962, na wale "watu wa kuja" walikuwa wamekwisha kuushughulikia kama wenyeji wengine.

Bwiza tuliyoikuta sisi, katika miaka ya 1980, ilikuwa na Warundi wa makabila yote, Wakongo waliokimbia vita vya 1964, Wanyarwanda waliokimbia kuanzia 1959, na wafanyabiashara wa Afrika Magharibi wenye kanzu pana. Jioni Kwijabe kulinuka mishikaki na mukeke wa kuchoma, na rumba ya Kongo ilitoka katika kila mlango. Mtoto wa Kikristo alikula futari kwa jirani, mtoto wa Kiislamu akapewa soda siku ya Noeli. Akifa mtu, avenyu nzima ilichanga, na hapana aliyeuliza marehemu alikuwa wa kabila gani kabla ya kutoa pesa yake. Hizo ndizo mila zetu. Tulizidhani ni maisha tu, kwa sababu hatukuwa tumeambiwa kwamba mila yaweza kukaa mjini.

Nje ya mtaa mambo yalikuwa mengine. Shule za msingi zilikuwa zimegeuzwa kufundisha kwa Kirundi tangu miaka ya 1970, jambo jema kwa nchi, lakini mtoto aliyejibu kwa Kiswahili alichekwa na darasa zima. Katika shule moja tuliyosoma, ambayo hatutaitaja, aliyeteleza akasema neno la Kiswahili alisimamishwa ukutani. Tukajifunza kuwa na ndimi mbili: moja ya nyumbani na moja ya kujifichia. Tulipofika utu uzima ndipo tulipogundua kichekesho chenyewe. Mtoto aliyetucheka alifungua "igitabo" chake, akashika "ikaramu", akakaa kwenye "ameza", akatazama "isaha" na kurudi nyumbani kwa "ibarabara" ili akanawe kwa "isabuni". Kitabu, kalamu, meza, saa, barabara, sabuni: maneno yote hayo yaliingia Kirundi kwa njia ya Kiswahili. Hata "ishure" yao ni shule yetu, na shule yetu tuliichukua kwa Mjerumani. Sisi walimu husema kwamba lugha ni kama soko la Kwijabe, hakuna anayetoka na kikapu cha vitu vya shamba lake peke yake.

Mwishoni mwa Machi 1995 vita viliingia Bwiza na Buyenzi. Kamati imekataza siasa katika kurasa hizi, nasi tunatii. Tutasema tu kwamba watu waliuawa, nyumba zikaporwa, na maelfu wakatoka kwa njia ya Gatumba kwenda Uvira, Wahutu pamoja na Waswahili na wale walioitwa wakati huo Wazaire. Tulikuwa watoto wadogo wa shule, tukabeba masufuria. Oktoba 1996 vita vikatufuata Uvira, na wengi tukavuka ziwa kuja Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo kwa ajili ya Wakongo, na familia za Bwiza zikagawanyika kwenye foleni. Ndugu wa baba mmoja waliandikwa nchi mbili, kwa kadiri kila mmoja alivyoulizwa na kwa lugha aliyojibia.

Baada ya mapatano ya Arusha ya mwaka 2000 wengi tulirudi, tukasoma, tukawa walimu. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na katika miaka hiyo Kiswahili kikaingizwa shule za msingi pamoja na Kiingereza. Walimu wengi hawakukijua. Walianza kutuita chemba, sisi watoto wa Bwiza, watuulize ngeli na hesabu za saa! Lakini sheria ya lugha ya mwaka 2014 ilipotaja lugha rasmi ilitaja Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Lugha iliyokuwa mjini kabla ya Kifaransa haikuwekwa pamoja nazo. Mwaka uliofuata, 2015, tulikimbia tena. Tulikuwa tayari kambini UNESCO ilipoitangaza, Novemba 2021, tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, na Kongo ilipoingia katika Jumuiya mwaka 2022.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuuma hapa, na hapa tunawaomba ndugu wahudumu wasome polepole. Mkimbizi wa Burundi anapohojiwa huulizwa: mlima wako ni upi? Ni swali zuri kwa mtu wa Ngozi au Ruyigi. Mtoto wa Bwiza hana mlima, ana avenyu. Tumeshuhudia mama mmoja akijibu "avenyu ya saba", akaambiwa ajibu kwa Kirundi cha ndani, akashindwa kutaja majina ya rangi za ng'ombe, na jalada lake likawekwa kando kwa shaka. Huyo mama alizaliwa Bujumbura, na mama yake vilevile. Kiswahili chake, ambacho kingeweza kuonyesha mtaa alikotoka, kilichukuliwa kuwa dalili ya kwamba anadanganya. Lile neno la zamani "umuswahili" limetufuata mpaka kwenye dawati.

Tena kuna watoto ambao mama ni Mrundi na baba ni Mkongo. Sheria ya uraia ya Burundi ya mwaka 2000 iliujenga uraia hasa juu ya baba. Kuna na wale wenye asili ya Oman, karibu elfu moja kwa hesabu ya UNHCR, walioishi Burundi vizazi kadhaa bila uraia wa nchi yoyote. Watu hawa wakiambiwa "rudini kwenu", wanauliza kwa haki kabisa: karatasi gani itatupokea?

Hatuombi kuitwa kabila la nne. Vijana wetu wengine wanataka hivyo, na sisi hatukubaliani nao. Tumeona makabila yalivyotufikisha. Tunataka mtoto wa Bwiza asome Kirundi vizuri, kwa sababu ni lugha ya nchi yake, na akiulizwa lugha ya mama aseme Kiswahili bila kuangalia chini. Na jibu hilo liandikwe kama alivyolisema.

Kwa upande wetu tumeanza. Kila Jumamosi wanafunzi wa madarasa ya juu huenda kwa wazee wa mitaa yetu wakiwa na daftari, wanaandika majina ya avenyu na waliokaa pale, majina ya mafundi, ya mitumbwi, ya vyakula, namna harusi ilivyokwenda, na maneno ambayo hayamo katika kamusi za Dar es Salaam. Hatuyasahihishi. Mzee akisema "ndagala", mtoto haandiki "dagaa". Daftari la kwanza limejaa, na ubishi mkubwa uliomo ni juu ya nani alikuwa na cherehani ya kwanza pale Belge. Familia nne zinadai.

Mwenye kadi ya zamani ya baba au babu, kibali cha kukaa mjini, risiti ya kodi, cheti cha ndoa au picha ya Bwiza ya kabla ya 1995, tunamwomba ailete katika ofisi ya kamati siku ya Jumamosi asubuhi. Tutainakili mbele yake na kumrudishia papo hapo. Wasio na karatasi waje vilevile, wakae na watoto, waseme walikuwa avenyu ya ngapi.