Hema au Blanketi?

Desemba 11, 1934, wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walitoka London kwa pikipiki, safari ya Cape Town. Ilikuwa Panther ya cc 600, yenye kigari ubavuni na tela nyuma. Hebu fikiria, msomaji: tela! Nyumba nzima imefungashwa humo. Wakakatisha Sahara, injini ikawafia huko huko jangwani kabla ya Agadez, wakahangaika wee, lakini hawakugeuka. Wakapita Kongo, Uganda, Kenya na Tanganyika yetu hii, na Julai 29, 1935 wakaingia Cape Town.

Mshikaji wangu akisikia habari hii hutamba: "Umeona? Bila hema hakuna safari!" Yeye ndiye mwenye Boxer tunayotaka kwenda nayo kutoka Tabora, kupitia Mpanda na Sumbawanga, hadi Kasanga ziwani. Anataka hema, mifuko ya kulalia, jiko la mafuta ya taa na sufuria mbili. Mimi nitakayekaa nyuma, sijui miguu nitaiweka wapi. Yeye anatafuta safari, mimi natafuta watu wa kuwaandika. Hapo ndipo tunapogombana.

Nami namjibu kwa historia ile ile. Akina Wallach walibeba kwa sababu Sahara haina mlango wa kubisha hodi. Tela lao halikuwa mbwembwe, ilikuwa hesabu. Sasa tuwatazame wengine.

Januari 1952, vijana wawili wa Argentina, Alberto Granado na Ernesto Guevara (ndiyo, Che mwenyewe, wakati huo ana miaka 23, mwanafunzi wa udaktari), waliingia barabarani na Norton ya cc 500. Wakaipachika jina la Mwenye Nguvu. Nguvu gani, bwana! Mizigo imerundikwa nyuma, gurudumu la mbele linataka kuinuka, mchangani wanaanguka na kuanguka tena. Walilala vibandani, kwenye vituo vya polisi, na huko Chile wakalala kwa wazima moto. Pikipiki ikawashinda kabisa, wakaiacha Santiago. Kuanzia hapo wakawa watu wa kuomba lifti tu.

Na hapo ndipo safari ilipoanza, kwa maoni yangu. Katika jangwa la kaskazini mwa Chile, mahali paitwapo Baquedano, usiku uliwakutanisha na mtu na mkewe. Mume alikuwa mfanyakazi mkomunisti, ametoka kufungwa miezi mitatu, sasa wanaelekea migodini kutafuta kibarua. Hawakuwa na blanketi hata moja. Granado na Guevara wakawapa moja la kwao, wao wakajikunyata chini ya lililobaki. Guevara aliandika kwamba baridi ya usiku ule ilikuwa miongoni mwa kali kuliko zote alizowahi kuzipata.

Nauliza: wangekuwa wamejifungia hemani, zipu juu hadi chini, wangewaona wale wawili? Pengine wangesikia kikohozi tu, wakageukia upande wa pili. Kijana yule ndiye aliyekuja kupita Dar es Salaam na Kigoma mwaka 1965, akavuka ziwa kwenda kupigana Kongo. Sisemi blanketi ndilo lililompeleka. Lakini kuna mambo hayaonekani kwa mtu aliyekuja na nyumba yake mgongoni.

Huku kwetu ukifika kijijini jua likizama, unamtafuta mwenyekiti, unajieleza, unapewa pa kulala. Kujieleza huko ndiko ninakokutaka mimi. Mwenye hema huamkia watu kwa mbali, kisha anapigilia vigingi.

Mshikaji naye si mjinga. Ananiuliza: "Na tukipata pancha saa tatu usiku katikati ya miombo, kati ya Sikonge na Mpanda, utambishia nani hodi? Mbega?" Swali zito hilo, na jibu la kulimaliza sina. Nimemwambia barabara ya kusini mwa Mpanda inapita ndani ya hifadhi ya Katavi, na mbele ya simba hema ni shuka tu. Tutembee mchana, basi. Gundi ya pancha, pampu na spana vipewe nafasi ya vigingi.

Tumekubaliana turubai moja la mvua, chandarua kimoja, mablanketi mawili. Hema kampa mdogo wake. Jiko bado tunaligombania.