Nyumba ya marehemu baba mkwe: kabla ya nyundo ya kwanza



Tumeletewa suali na mwenzetu wa Unguja aliyeolewa bara, Shinyanga. Anakaa na mumewe kata ya Ngokolo, mjini. Lakini nyumba ya marehemu baba mkwe iko kijijini, ya matofali ya udongo, bati limeoza, ukuta mmoja umepasuka. Mume anataka kuibomoa ajenge mpya. Mavyaa bado anakaa humo. Mwenzetu anauliza: ruhusa inaombwa wapi, na yeye na mavyaa wana sauti gani? Tukaona kumjibu bila ya historia ni kumjibu nusu.

Zamani Usukumani hakukuwa na karatasi. Nyumba ilikuwa ya msonge, miti na nyasi, imezungushiwa ua wa minyaa. Ardhi ilikuwa chini ya mtemi, na mwanangwa ndiye aliyesimamia kijiji. Watemi waliondolewa madaraka kisheria mwaka 1963, na mambo ya ardhi yakahamia serikalini.

Halafu ikaja operesheni ya vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi iwe imekwisha kabla ya 1976 kumalizika. Familia zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na mbuga yake ya kulishia na makaburi ya wazee wake, zilihamishwa zikapangwa kwenye mistari. Nyumba nyingi zilivunjwa ili mtu asirudi. Waliohama waling'oa milango na nguzo wakaenda nazo, wengine walifika penye viwanja vitupu. Mashoga, tafakarini hapo: leo mwananchi anaomba kibali serikalini abomoe nyumba yake, na miaka ile serikali ilibomoa bila kumuuliza mwenye nyumba. Ndiyo maana wazee wa huko wakisikia neno "kubomoa" nyuso zao hubadilika. Mavyaa wa mwenzetu akikataa kutoka, msimwite mkaidi haraka.

Vurugu za ardhi zilizobaki hazikwisha upesi. Mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria ya kufuta haki za asili za waliohamishwa. Kesi ya Lohay Akonaay, kutoka upande wa Arusha, ikafika Mahakama ya Rufani, na mwaka 1994 mahakama ikasema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, na Katiba inailinda. Miaka mitano baadaye, 1999, zikatungwa sheria mbili, ya ardhi na ya ardhi ya vijiji, na ndizo zinazomhusu mwenzetu.

Nyumba ikiwa ndani ya manispaa, kama ingekuwa Ngokolo penyewe, kibali cha ujenzi kinatolewa na halmashauri: wanataka uthibitisho wa umiliki na michoro kabla msingi haujachimbwa. Kijijini mwenye kusimamia ardhi ni halmashauri ya kijiji, na haki yako huandikwa kwenye hati ya hakimiliki ya kimila. Majina ya mume na mke wote wawili yanaweza kuingia humo. Ugomvi ukitokea kuna baraza la ardhi la kijiji lenye watu saba, na sheria inataka wasiopungua watatu wawe wanawake. (Sisi wa Mji Mkongwe tumezoea kulalamika kuwa hata dirisha halibadilishwi bila ya Mamlaka ya Hifadhi. Haya, bara nako kuna foleni yake.)

Sasa sauti ya mke. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mume kuuza, kukodisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mkewe. Kubomoa halikutajwa kwa jina. Hapo ndipo wengi wetu tunapoachwa tukitizama kifusi. Kilichosaidia ni kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu siku ile, lakini wake waliokuja baada yake wameitegemea hukumu yake mpaka leo.

Lakini kwa mwenzetu kuna swali la mbele zaidi ya kibali: nyumba ni ya nani? Baba mkwe amefariki, mirathi haijagawiwa. Kwa hukumu ya Surat an-Nisaa mjane mwenye watoto ana thumni yake, na mawifi wana mafungu yao kama kaka zao, ingawa si sawa kwa wingi. Mume wa mwenzetu akibomoa leo, anabomoa mali ya watu wengi, na nyumba mpya atakayojenga itasimama juu ya kiwanja chenye madai. Bara kunataka kikao cha ukoo kiandikwe muhtasari, kisha mahakama ya mwanzo iteue msimamizi wa mirathi. Hapo ndipo mtu anapata jina la kuombea kibali.

Tukamwambia hivyo. Akatujibu juzi kuwa kikao kimekaa, mawifi watatu wamekuja, na mavyaa amekubali kwa sharti mbili: chumba chake kijengwe kwanza kabla cha zamani hakijaguswa, na mlango wa mbele, alioubeba yeye na marehemu mwaka waliohamishwa, utiwe kwenye nyumba mpya. Mume ameshapima mlango. Ni mfupi kwa inchi nne, fundi anatafuta mbao ya kuongezea juu.