Ushauri wa Makazi nchini Marekani

Ushauri wa makazi ni huduma inayotolewa na mashirika yasiyo ya kibiashara kwa watu wanaotaka kununua nyumba, kwa wapangaji, kwa wenye nyumba walioshindwa kulipa marejesho ya mkopo, na kwa wazee wanaotaka kukopa kwa dhamana ya nyumba zao. Mshauri hakopeshi wala hauzi nyumba. Kazi yake ni kukaa na familia, kupitia kipato, madeni na matumizi yake, na kuifafanulia mkataba kabla haijatia saini. Nchini Marekani huduma hii imekua tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi kuwa na sheria zake, mtihani wake na fungu lake katika bajeti ya serikali kuu. Mmojawapo wa mitandao yake mikubwa ni NeighborWorks, wenye mashirika wanachama zaidi ya 200 yaliyosambaa katika majimbo yote 50, jiji la Washington na Puerto Rico.

Chimbuko la mtandao huo ni mtaa wa Central North Side, jijini Pittsburgh. Kufikia miaka ya 1960 nyumba za mtaa huo zilikuwa zimechakaa, na aliyetaka kukarabati yake hakupata benki ya kumkopesha. Hali hiyo haikutokea kwa bahati mbaya. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali lililoitwa Home Owners' Loan Corporation, lililoundwa mwaka 1933, lilichora ramani za miji zaidi ya 200 na kuipaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa ya hatari kwa mkopeshaji. Mitaa ya watu Weusi iliangukia humo karibu bila kuchunguzwa nyumba kwa nyumba. Mamlaka ya bima ya mikopo ya nyumba, FHA, iliyoanzishwa mwaka 1934, nayo ikakataa kwa miongo kadhaa kuikatia bima mikopo ya mitaa kama hiyo. Nyumba isiyokopesheka haiuziki kwa bei ya haki wala haikarabatiwi, na mtaa mzima huporomoka hata kama wakazi wake ni wachapakazi na walipaji wazuri.

Dorothy Mae Richardson, mama wa nyumbani na mkazi wa mtaa huo, aliwakusanya majirani zake kudai nyumba zikarabatiwe badala ya kubomolewa. Mwaka 1968 kampeni yao ilifanikiwa kuzishawishi taasisi 16 za fedha kukopesha ndani ya mtaa kwa masharti ya kawaida. Mfuko mmoja wa hisani wa Pittsburgh ulitoa mtaji wa kuanzisha mfuko wa mzunguko, ili wale ambao benki zisingewakubali wapate mkopo humo, na marejesho yao yakopeshwe kwa wengine. Wakazi wakakodi trela, wakaajiri wafanyakazi wachache, na kuliita shirika lao Neighborhood Housing Services. Mpango wao ulisimama juu ya pande tatu: wakazi wenyewe walioshika uongozi, benki zilizokopesha, na halmashauri ya jiji iliyokagua nyumba na kutengeneza barabara na taa. Kilichowatofautisha na mipango mingi ya wakati huo ni kwamba walishughulika na pande zote mbili za meza. Walimfundisha mkopaji, lakini pia walimbana mkopeshaji. Shirika la ushauri linalosahau nusu hiyo ya pili huishia kuwahubiria maskini kuhusu kuweka akiba.

Mwaka huohuo wa 1968 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya makazi iliyoipa Wizara ya Makazi na Maendeleo ya Miji, HUD, mamlaka ya kugharamia ushauri kwa wanunuzi wa kipato cha chini. Mfano wa Pittsburgh ulienea katika miji mingine katika miaka ya 1970, na mwaka 1978 Bunge likaunda shirika la umma la Neighborhood Reinvestment Corporation ili kuulea. Ndilo lililoanza kutumia jina la NeighborWorks America mwaka 2005. Katikati ya miaka hiyo sheria mbili zilibadili uwanja mzima. Ya mwaka 1975 ilizilazimisha benki kutangaza zimekopesha nyumba katika maeneo gani. Ya mwaka 1977, Community Reinvestment Act, ilizitaka zihudumie mahitaji ya mikopo ya jamii zote zinakochukua amana, zikiwemo za kipato cha chini. Zote mbili zilisukumwa na vikundi vya wakazi, hasa vya Chicago, ambako Gale Cincotta, mama wa watoto sita asiyekuwa na elimu ya chuo, aliongoza mapambano hayo.

Shirika likitaka kutambuliwa na HUD, sharti liwe lisilo la kibiashara, liwe na uzoefu wa mwaka mmoja au zaidi katika kazi hiyo, na liwe tayari kukaguliwa. Tangu tarehe 1 Agosti 2021 kila mshauri anayehudumu chini ya mipango ya HUD lazima awe amefaulu mtihani wenye maeneo sita: usimamizi wa fedha, matunzo ya nyumba, wajibu wa mwenye nyumba na wa mpangaji, sheria zinazokataza ubaguzi katika makazi, kumudu gharama za makazi, na kuepuka kunadiwa au kufukuzwa. Sharti hilo lilitokana na sheria ya mageuzi ya fedha ya mwaka 2010 iliyojulikana kama Dodd-Frank. Shirika linaweza kutoza ada ya wastani kwa baadhi ya huduma, ila halina ruhusa ya kumfukuza mteja anayethibitisha kuwa hana uwezo wa kulipa.

Kikao cha kwanza cha mnunuzi huanza na karatasi. Mteja huja na hati za mshahara, taarifa za benki za miezi ya karibuni, marejesho ya kodi ya mapato ya miaka miwili na ripoti yake ya mikopo. Mshauri hupiga hesabu mbele yake. Kanuni ya zamani inayotumika hadi leo inasema gharama za nyumba zisizidi asilimia 28 ya kipato kabla ya makato, na madeni yote, pamoja na nyumba, yasizidi asilimia 36. Tuseme familia inaingiza dola 4,500 kwa mwezi. Kwa kipimo cha kwanza inaweza kulipia nyumba hadi dola 1,260. Kwa kipimo cha pili, madeni yote yasivuke dola 1,620. Lakini ina mkopo wa gari wa dola 420 na malipo ya chini ya kadi za mkopo ya dola 90, jumla 510. Kinachobaki kwa nyumba ni dola 1,110, na humo mna mtaji, riba, kodi ya majengo na bima. Wateja wengi husahau hivyo viwili vya mwisho, kwa sababu matangazo ya nyumba hutaja mtaji na riba peke yake. Hapo familia huona yenyewe kwamba kumaliza deni la gari kwanza kunaweza kuiletea nyumba bora kuliko kuongeza saa za kazi.

Baada ya hesabu huja alama za ukopaji, ambazo katika mfumo wa FICO huanzia 300 hadi 850. Asilimia 35 ya alama hutokana na kulipa kwa wakati, na asilimia 30 na kiasi cha deni kikilinganishwa na kikomo kilichoruhusiwa. Mshauri huipitia ripoti mstari kwa mstari akitafuta makosa, kwa mfano deni la mtu wa jina linalofanana au deni lililokwisha kulipwa lakini bado linaonekana kama halijalipwa. Sheria humpa mteja haki ya kupinga, na taasisi ya taarifa za mikopo kwa kawaida hutakiwa kuchunguza ndani ya siku 30. Habari ya kuchelewesha malipo iliyo ya kweli haifutiki kwa maombi. Hukaa miaka 7. Wanaojitangaza kuwa wanaweza kuifuta kwa malipo ni matapeli, na kuwaeleza wateja jambo hilo mapema ni sehemu muhimu ya kazi ya mshauri.

Wasio na historia yoyote ya mikopo wana tatizo la namna yake, na jawabu mojawapo litawafurahisha wasomaji wa Afrika Mashariki. Mission Asset Fund, shirika lililoanzishwa San Francisco mwaka 2007 na kuongozwa na José Quiñonez, liliuchukua upatu ambao wahamiaji kutoka Meksiko na kwingineko walikuwa wakiucheza majumbani mwao, likauandikia mkataba rasmi. Wanachama huchanga kila mwezi na kupokea kwa zamu, bila riba, na shirika hupeleka kumbukumbu za malipo yao kwa taasisi za taarifa za mikopo. Hivyo uaminifu ambao jirani aliujua siku zote huonekana na benki pia. Mwaka 2014 Jimbo la California lilipitisha sheria inayotambua mikopo ya namna hiyo inayotolewa na mashirika yasiyo ya kibiashara.

Njia hiyo inawahusu pia wasemaji wa Kiswahili. Tangu katikati ya miaka ya 2010 wakimbizi wengi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wamehamishiwa Marekani, baadhi baada ya kukaa miaka mingi katika kambi za Tanzania, Burundi na Uganda, na kwa wengi wao Kiswahili ndiyo lugha ya mawasiliano. Walifika wakiwa na deni moja tayari, mkopo usio na riba wa nauli ya ndege, ambao ukilipwa kwa wakati huanza kuwajengea alama. Kwa miaka mingi mashirika yanayopokea fedha za HUD yalitakiwa kuchukua hatua za kumhudumia asiyejua Kiingereza, ikiwemo kumtafutia mkalimani. Mtoto wa shule anayewatafsiria wazazi wake mkataba wa miaka 30 amebebeshwa mzigo usio wake, na mshauri makini hakubali jambo hilo.

Mtihani mkubwa wa huduma hii ulikuja na msukosuko wa mikopo ya nyumba ulioanza mwaka 2007. Mamilioni ya familia zilikuwa zimesainishwa mikopo ambayo riba yake ilipanda baada ya miaka miwili au mitatu, mara nyingi bila kukutana na mtu yeyote asiyefaidika na saini yao. Mwezi Desemba 2007 Bunge lilitenga dola milioni 180 kwa mpango wa kitaifa wa ushauri wa kuzuia minada, likaukabidhi kwa NeighborWorks, na hadi mpango ulipofungwa ulikuwa umehudumia wenye nyumba zaidi ya milioni 2. Washauri waliwaandikia wakopeshaji barua za kueleza shida ya mteja, wakapanga upya bajeti, wakaomba riba ishushwe au muda uongezwe. Pale ambapo nyumba haikuokoleka, walisaidia iuzwe kwa maelewano kabla ya mnada. Sheria ilikuja kuimarika baadaye: tangu mwaka 2014, kwa kawaida, msimamizi wa mkopo haruhusiwi kuanza hatua za kunadi kabla mteja hajachelewa kwa zaidi ya siku 120.

Kwa wazee, ushauri ni lazima. Mwenye nyumba aliyefikisha miaka 62 anaweza kuchukua mkopo maalumu wenye bima ya FHA ambao haurejeshwi kila mwezi, bali hulipwa nyumba inapouzwa, mkopaji anapohama au anapofariki. Hawezi kuupata bila cheti cha kuthibitisha kwamba ameonana na mshauri. Katika kikao hicho mzee huelezwa kwamba bado atadaiwa kodi ya majengo na bima, na kwamba akishindwa kuzilipa nyumba inaweza kuchukuliwa. Wapangaji kwa muda mrefu walipewa nafasi ndogo zaidi, hadi janga la UVIKO-19, ambapo Bunge lilitenga zaidi ya dola bilioni 46 za kuwalipia kodi waliokwama, na mashirika mengi ya ushauri yakawa ndiyo yanayowajazia fomu.

Utafiti wa Neil Mayer na Kenneth Temkin uliotolewa mwaka 2013 uligundua kwamba wanunuzi waliopata ushauri wa NeighborWorks kabla ya kununua walikuwa na uwezekano pungufu kwa theluthi moja wa kuchelewa malipo kwa siku 90 au zaidi katika miaka miwili ya mwanzo, wakilinganishwa na wenzao wasioupata. Ni matokeo mazuri, ingawa wanaotafuta ushauri kwa hiari huenda ni waangalifu tangu awali. Tena ushauri hauongezi mshahara wala haupunguzi bei ya nyumba. Katika miji ambako kodi ya pango humeza nusu ya kipato, bajeti iliyopangwa vizuri haitoshi, ndiyo maana mashirika mengi ya mtandao huu hujenga pia nyumba za bei nafuu.

Fedha za kuendesha kazi hii si za uhakika. Mwaka 2011, wakati minada ingali inaendelea kwa wingi, Bunge lilifuta fungu la HUD la ushauri wa makazi la dola milioni 87.5, na mwaka uliofuata lilirudisha dola milioni 45. Uamuzi ule ulikuwa kosa, kwa kuwa familia moja kupoteza nyumba huligharimu jiji zima zaidi kuliko vikao vichache vya mshauri. Mashirika huziba pengo kwa misaada ya mifuko ya hisani na ya benki zenyewe, jambo linaloweza kuutia shaka uhuru wao. Kwa hiyo kanuni za HUD zinayataka yamweleze mteja uhusiano wowote yaliyo nao na mkopeshaji au muuzaji, na kwamba halazimiki kununua wala kukopa kwao. Mteja ana haki ya kupewa maelezo hayo, na asipopewa ayadai kabla hajafungua bahasha ya hati zake.