Vidonge vya Akiba Kando ya Ziwa

Kwa miaka mingi dozi ya klorokwini kwa mtu mzima ilikuwa vidonge 10: vinne siku ya kwanza, vinne siku ya pili, viwili siku ya tatu. Homa mara nyingi ilishuka kabla hesabu haijatimia. Dawa yenyewe ilikuwa chungu kama shubiri, na wengi iliwawasha mwili mzima hata usingizi ukawaruka. Nani angemeza viwili vya mwisho huku ameshapata nafuu? Vilifungwa kwenye kipande cha karatasi, vikawekwa ndani ya kopo kumngojea mgonjwa mwingine. Akiba ya dawa katika nyumba nyingi za Mwanza na visiwa vyake ilianza hivyo, bila mtu kuipanga.

Kuweka dawa nyumbani, hata hivyo, ni jambo la kale zaidi ya klorokwini. Wasukuma wa Mwanza walikuwa na chama cha Buyeye, cha mafundi wa nyoka, ambao pamoja na ngoma zao walikuwa na dawa za kuumwa na nyoka. Hans Cory, mtafiti wa mila aliyeitumikia serikali ya kikoloni, aliandika habari zao mwaka 1946. Sumu ya nyoka haimsubiri mtu akachimbe mizizi porini. Dawa yake sharti iwe tayari imeshaandaliwa.

Dawa za Wazungu zilikuja kwa utaratibu mwingine. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Robert Koch alipita Mwanza akifuatilia ugonjwa wa malale, kisha akapiga kambi visiwa vya Sese, upande wa Uganda. Huko aliwachoma wagonjwa sindano za Atoxyl, na baadhi yao wakapofuka. Ile ilikuwa dawa ya daktari peke yake, tangu chupa hadi sindano. Mgonjwa hakwenda nayo nyumbani, na pengine ilikuwa heri.

Baada ya uhuru zahanati zilienea vijijini, na mwaka 1971 Hospitali ya Bugando ikafunguliwa juu ya kilima chake. Lakini majengo hayatibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ikiwa imetoka kwenye vita vya Kagera na haina fedha za kigeni, dawa ziliadimika. Ndipo ukaja mpango wa dawa muhimu, kwa fedha za Denmark na usimamizi wa UNICEF: makasha yaliyofungwa kabisa, yenye dawa zilizopangwa kwa idadi maalumu, yakipelekwa kwenye zahanati na vituo vya afya. Mpango huo uliokoa maisha mengi. Kasoro yake ni kwamba kasha halikuuliza. Penye mbu wengi na penye wachache palipata kasha la aina moja, hivyo dawa moja ingeweza kukauka huku nyingine ikirundikana rafuni. Mama aliyeambiwa dawa zimekwisha alirudi nyumbani akapekua kopo lake.

Njia nyingine ilikuwa duka la dawa baridi. Kwa sheria ya mwaka 1978, maduka hayo hayakuruhusiwa kuuza dawa za cheti cha daktari. Antibayotiki ziliuzwa hata hivyo, vidonge viwili vitatu kwa kadiri ya pesa iliyopo mfukoni. Mwaka 2003 serikali ilianza Songea mpango wa Duka la Dawa Muhimu, wenye wauzaji waliofundishwa na orodha ya dawa chache za cheti wanazoruhusiwa kuuza. Mwanza ulifika baadaye.

Klorokwini ilikuwa tayari imeondolewa mwaka 2001 kwa sababu vimelea vya malaria viliizoea. Dawa ya SP iliyoshika nafasi yake ilimezwa vidonge vitatu kwa mkupuo, hakuna cha kubakiza. Kisha, mwishoni mwa 2006, ikaingia dawa ya mseto: vidonge 24 kwa siku tatu. Siku ya pili mwili umeshakuwa mwepesi na vidonge vinane bado vimo kwenye pakiti. Kishawishi cha zamani kikarudi.

Dawa iliyobadilisha kweli desturi hii ni ya kufubaza virusi vya UKIMWI, ambayo serikali ilianza kuitoa bure mwaka 2004. Mvuvi wa dagaa hufuata giza la mwezi, leo kisiwa cha Ukerewe, kesho cha Kome, na tarehe ya kliniki ya kila mwezi haikumfaa. Baadaye mgonjwa aliyeimarika akaanza kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja. Sasa mhudumu wa afya mwenyewe ndiye anayemtaka aondoke na akiba, na anaporudi huulizwa vidonge vimebaki vingapi. Anayehamia kambi ya mbali huombewa uhamisho, ili kliniki ya huko impokee na kuendelea kumpa dawa.