Vitabu vya Ibada ya Kila Siku Busia na Malaba

Kitabu cha ibada ya kila siku ni chapisho la Kikristo lililopangwa kwa tarehe. Kila ukurasa una fungu la Biblia, maelezo mafupi na sala, na mtu humaliza kuusoma kwa dakika tano hadi kumi na tano, aghalabu alfajiri kabla hajafungua duka au kuwasha pikipiki. Wakatoliki husema masomo ya siku au tafakari ya siku, Waadventista husema Kesha la Asubuhi, na vijana wa makanisa ya kipentekoste husema tu neno la leo. Makala hii inaeleza jinsi vitabu hivyo, pamoja na vifaa vya bure vinavyofuatana navyo, vinavyochaguliwa Busia na Malaba, miji miwili ya Kenya iliyo mpakani na Uganda. Katika miji hiyo, kabla mtu hajauliza kitabu kipi kizuri, humbidi aulize kiko kwa lugha gani.

Asili

Mfano wa zamani ambao tarehe yake inajulikana vyema ni wa Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani. Mwaka 1728 Nikolaus von Zinzendorf alianza kuwapa waumini wake neno moja la kwenda nalo siku nzima, na kijitabu cha kwanza kikachapwa kwa ajili ya mwaka 1731. Hadi leo mistari ya Agano la Kale hupigiwa kura Herrnhut miaka kadhaa kabla ya kutumika, kisha mhariri hutafuta mstari wa Agano Jipya unaoelekeana nao. Wamoravian walifika Rungwe, kusini magharibi mwa Tanzania ya leo, mwaka 1891.

Njia nyingine ni ratiba tupu isiyo na maelezo. Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee huko Uskoti, aliwapangia washarika wake ratiba ya namna hiyo mwaka 1842: takriban sura nne kwa siku, ili kwa mwaka mmoja wapitie Agano la Kale mara moja, na Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Mwaka 1879 Scripture Union, chama kilichoanza London mwaka 1867 kwa kazi ya watoto, kilianza kutoa kadi za usomaji wa kila siku. Marekani ilileta vijitabu vya miezi michache michache: The Upper Room kutoka Nashville mwaka 1935, na Our Daily Bread mwaka 1956, kilichotoka katika huduma ya redio ya M. R. DeHaan.

My Utmost for His Highest, kilicho maarufu kuliko vingi vya namna yake, hakikuandikwa na mtu aliyekusudia kuandika kitabu. Oswald Chambers alikuwa akiwahudumia askari karibu na Cairo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na alifariki huko Novemba 1917. Mkewe, Gertrude, alikuwa bingwa wa hati mkato na alikuwa amenukuu mahubiri ya mumewe kwa miaka. Alikata kutoka daftari zake vipande vya kutosha siku zote za mwaka, na kitabu kikatoka mwaka 1927. Maneno hayo yalisemwa kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wakingoja kupelekwa vitani. Pengine ndiyo sababu kurasa zake ni kavu kuliko za waandishi wengi waliomfuata, na hazimbembelezi msomaji.

Afrika Mashariki ilikuwa na njia yake. Katika uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, daktari Joe Church alitoa mwaka 1938 mwongozo ulioitwa Every Man a Bible Student, wenye mada na mistari ya kufuatisha. Uamsho ulivuka Uganda na kuingia Kenya, na ndugu waliookoka walikutana katika ushirika, kila mmoja akieleza alichosoma na jinsi kilivyomchoma. Kwa hiyo katika ukanda huu kusoma neno la siku hakukuwa jambo la chumbani peke yake. Mtu alisoma akijua ataulizwa. Vijitabu vya kigeni vinamchukulia msomaji kuwa mtu mmoja na kikombe chake cha chai, na vimepungukiwa na jambo hilo la kuulizwa.

Lugha za mpakani

Kaunti ya Busia ina Wasamia, Wanyala, Wakhayo na Wamarachi, ambao ni Waluhya, na ina Wateso upande wa kaskazini ambako Malaba iko. Luganda nacho huvuka pamoja na wafanyabiashara. Mama anayeuza nyanya karibu na forodha huweza kupatana bei kwa Kiswahili, akasikiliza mahubiri ya Kiingereza yakifasiriwa papo hapo, na usiku akaomba kwa Kisamia. Kanisa Anglikana lenyewe limegawanyika kwa kufuata ramani hiyo kwa kiasi fulani: Dayosisi ya Nambale iko upande wa Waluhya, na Dayosisi ya Katakwa upande wa Wateso. Wakatoliki wa kaunti nzima wako chini ya Jimbo la Bungoma, lililoundwa mwaka 1987.

Biblia zipo. Ya Luganda ilikamilika mwaka 1896 kwa kazi ya George Pilkington na wasaidizi wake Waganda, na toleo moja la mwanzo lilichapwa nene na jembamba ili liingie katika kopo la biskuti, lisiliwe na mchwa. Ya Kiswahili inayotumiwa zaidi na Waprotestanti, Union Version ya mwaka 1952, ilijaribu kuunganisha Kiswahili cha Mombasa na cha Unguja, na msomaji wa Busia bado hukutana humo na maneno ya pwani asiyoyasikia sokoni kwake. Biblia ya Oluluyia ilitoka mwaka 1975 katika lugha sanifu iliyoundwa kutokana na lahaja kadhaa, na wazee wa mpakani huisoma huku wakiirekebisha kichwani. Wateso hutumia Biblia iliyotafsiriwa Uganda, na Wasamia wana Agano Jipya la Lusamia-Lugwe linalowahudumia wa pande zote mbili.

Vijitabu vya tarehe katika lugha hizo ndivyo adimu. Vingi vinavyofika Busia ni vya Kiingereza, vichache ni vya Kiswahili, na vya Ateso au Kisamia ni kama havipo. Familia nyingi zimepata suluhisho ambalo hakuna mchapishaji aliyelipanga: kijana husoma maelezo ya kijitabu cha Kiingereza na kuyasimulia kwa Kiswahili, kisha bibi hufungua fungu lile lile katika Biblia ya lugha yake na kulisoma kwa sauti. Anayechagua kitabu kwa ajili ya nyumba kama hiyo na atazame kwanza kama kinataja sura na mistari waziwazi. Kinachonukuu nusu mstari bila kutaja mahali ulikotoka hakimfai bibi.

Vinavyopatikana

Kwa Wakatoliki uchaguzi ni mwepesi, maana masomo yamekwisha kupangwa na Kanisa zima: Dominika huzunguka miaka mitatu, yaani A, B na C, na siku za juma huzunguka miaka miwili. Kinachochaguliwa ni tafakari tu. Paulines Publications Africa, shirika la masista lenye makao Nairobi, hutoa kila mwaka kitabu cha Injili ya kila siku, na maduka ya parokia huuza kalenda za liturujia. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele katika miaka ya 1970, hutumia hatua saba za taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyogusa, kunyamaza, kushirikishana, kujadili kazi ya kufanya, kusali. Vifaa vyake ni Biblia moja na viti vya kuazima kwa jirani, na kwa maoni ya mwandishi huu ndio mwongozo wa bure ulio bora kuliko yote yaliyotajwa hapa.

Waadventista wana Kesha la Asubuhi kwa Kiswahili, pamoja na lesoni ya Shule ya Sabato ambayo nayo imegawanywa kwa siku. Fungu la Jumatatu husomwa Jumatatu, na Sabato darasa zima hujadili lililosomwa juma zima. Nidhamu hiyo ya kusoma ukijua mtajadiliana inakaribia sana ile ya ushirika wa uamsho.

Katika makanisa ya kipentekoste, vijitabu vinavyoonekana zaidi vimetoka Nigeria: Rhapsody of Realities cha Chris Oyakhilome wa Christ Embassy, na Open Heavens cha Enoch Adeboye wa Redeemed Christian Church of God. Vyote viwili ni vya mwanzilishi au kiongozi mmoja, na sauti yake husikika ukurasa hadi ukurasa. Anayeipenda sauti hiyo atafurahi. Asiyeijua na asome kurasa tano za tarehe tofauti kabla ya kuamua, hasa ajionee ni mara ngapi fungu la Biblia linaelezwa lenyewe na ni mara ngapi limefanywa ngazi ya kupandia mada ambayo mwandishi alikuwa nayo tangu mwanzo. Kipimo hicho kinafaa kwa vitabu vyote, vya Marekani pia. Vya Marekani vina udhaifu mwingine mdogo: Novemba hujaa sikukuu ya Shukrani na majani yanayopukutika, wakati Busia watu wanapalilia mazao ya mvua za vuli. Mwandishi wa huko, akiwa Mprotestanti, huipita tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, bila neno, ilhali siku chache kabla yake mahujaji wanaokwenda Namugongo kwa miguu huwa wamepita Busia na Malaba wakiwa na vumbi hadi magotini.

Bure na gharama yake

Neno bure lina maana kadhaa mpakani. Wagideoni, chama kilichoanza Marekani mwaka 1899, hugawa Agano Jipya shuleni na hotelini bila malipo. World Missionary Press ya Indiana huchapa vijitabu vya maandiko matupu kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, navyo hufika kwa mikono ya makanisa. Our Daily Bread hutolewa bila bei na hutegemea michango ya wasomaji. Rhapsody of Realities huwahimiza wafuasi walipie nakala za kugawiwa wengine. Katika kila hali yuko aliyelipa, na ni vyema msomaji amjue, kwa sababu aliyelipa ndiye pia aliyeamua nini kisemwe kuhusu ubatizo, uponyaji na fedha.

Programu za simu ni bure mpaka bando liishe. YouVersion, iliyotolewa mwaka 2008 na kanisa la Life.Church la Oklahoma, ina Biblia za Kiswahili na mipango ya usomaji, na baadhi ya tafsiri huweza kupakuliwa zikasomwa bila mtandao. Bible.is ya Faith Comes By Hearing huyasoma maandiko kwa sauti, jambo linalowafaa wasiojua kusoma na wale ambao macho yao yamechoka. Sauti hula data kuliko maandishi, basi busara ni kuipakua mahali penye Wi-Fi ya bure kisha kuisikiliza nyumbani. Mpakani kuna tahadhari ya ziada: simu huweza kunasa mnara wa upande wa pili bila mwenyewe kujua, na data ya ugenini ina bei yake. Waliozoea huizima kabla ya kukaribia forodha.

Redio haina bando. Trans World Radio hutangaza kwa Kiswahili, na kipindi cha Thru the Bible cha J. Vernon McGee, kilichoanza mwaka 1967 na kutafsiriwa kwa lugha zaidi ya mia moja, huipitia Biblia nzima kwa miaka mitano. McGee alifariki mwaka 1988 na kipindi bado kinaendelea. Kwa dereva wa trela aliyekwama kwenye foleni ya Malaba, hiki kinafaa kuliko kitabu chochote, maana foleni ikisogea hana haja ya kufunga ukurasa.

Kuna pia maneno ya siku yanayosambazwa kwa WhatsApp. Hayana gharama, hayana mwandishi, na mara nyingi mstari uliotajwa hausemi kilichonukuliwa. Wanabodaboda, ambao jina la kazi yao husemekana lilizaliwa hapa hapa kwa wito wa waendesha baiskeli waliobeba abiria kati ya vituo viwili vya mpaka, wana makundi ambamo mmoja hutuma andiko kila alfajiri. Anayetuma sura na mstari pekee, akawaachia wengine wafungue wenyewe, amewasaidia zaidi ya anayetuma picha yenye maua.

Tarehe zilizopita

Vijitabu vya mwaka huchelewa kufika, na vinavyobaki huuzwa kwa bei ya kutupa ifikapo Machi. Kwa Mprotestanti hilo si hasara. Kurasa za Januari zilizopitwa zitasomwa Januari ijayo, na hata kitabu cha miaka mitano iliyopita kinafaa. Kinachohama ni majina ya siku za juma na msimu wa Pasaka, iliyokuwa tarehe 20 Aprili mwaka 2025 na ni tarehe 5 Aprili mwaka 2026. Mkatoliki asinunue cha zamani kwa ajili ya masomo ya Misa: mwaka 2025 ulikuwa C na 2026 ni A, na masomo ya kwanza ya siku za kawaida za juma hubadilika kati ya mwaka wa witiri na wa shufwa. Injili za siku hizo hazibadiliki, kwa hiyo akikipata kwa shilingi ishirini bado kuna nusu ya kusoma.