Hofu ya kijamii miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vikuu

Hofu ya kijamii ni tatizo la afya ya akili linalomfanya mtu aogope kupita kiasi kutazamwa na kupimwa na wenzake, hadi akwepe mikusanyiko au aivumilie kwa mateso. Isaac Marks na Michael Gelder, madaktari wa London, waliitenga na hofu za aina nyingine mwaka 1966. Mwaka 1980 iliingia katika mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Marekani.

Mara nyingi chuo kikuu hakiizai hofu hii, huifichua tu. Huko Marekani, robo tatu ya walio nayo huanza kuipata wakiwa na umri wa miaka 8 hadi 15. Mtoto mkimya nyumbani husifiwa kuwa ana adabu, na katika darasa lililofurika anaweza kumaliza sekondari bila kufungua mdomo. Chuoni hukutana na semina na mawasilisho yenye alama. Akikosa kipindi hupata nafuu siku hiyo, lakini kipindi kijacho humtisha zaidi, maana hakupata kuona kwamba aibu aliyoihofia pengine isingemfika.

Mchango wa familia ni damu na malezi, na ni vigumu kuvitenganisha. Uwezekano wa ndugu wa karibu wa mgonjwa kuwa na tatizo hilo ni mara 2 hadi 6 ya ule wa watu wengine. Jerome Kagan wa Harvard alionyesha kuwa baadhi ya watoto, tangu uchanga, hushtushwa mno na vitu vigeni. Hao ndio walio hatarini zaidi. Malezi ya kumkinga mtoto na kila jambo, au kumkosoa mbele za watu, huongeza hatari hiyo. Hata hivyo wazazi wasilaumiwe haraka: tafiti nyingi hutegemea kumbukumbu za watu wazima, na mtoto mwoga mwenyewe humsukuma mzazi amkinge.

Tanzania ina jambo lake. Aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili huingia semina za Kiingereza, na anayekaa kimya huenda anaogopa kuchekwa kwa lugha tu. Huyo si mgonjwa.

Tiba inayotangulizwa ni ya mazungumzo: mgonjwa huzikagua fikra zake na kuyakabili anayoyaogopa hatua kwa hatua. Dawa za kupunguza sonona nazo husaidia, kwa maelekezo ya daktari.