Nauli ya Sasisho

Kila Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, Microsoft hutoa masasisho ya Windows kwa dunia nzima. Nchelenge, nchini Zambia, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, hiyo ni saa moja au saa mbili usiku, kutegemea majira ya huko. Ndiyo saa ambayo taa na majiko ya umeme yanawashwa kwa pamoja, bando la siku linaelekea kwisha, na kama hakuna mbalamwezi, wavuvi wa chisense, dagaa wa ziwa hili, wanasukuma mitumbwi majini na taa zao. Hakuna aliyeipanga saa hiyo ili kuwakomoa watu wa Mweru. Ilipangwa kwa ajili ya mafundi wa makampuni ya kule, wawe na siku za kazi mbele yao. Lakini mpango uliotungwa kwa kumfikiria mtu mmoja humwangukia mwingine vibaya, na sasisho likikwama kwenye kompyuta ya nyumbani, wa kwanza kushukiwa ni mashine, wa pili ni mwenye mashine. Historia ya jambo hili inatuelekeza kwingine. Sasisho ni mzigo, na mzigo una nauli. Kati ya mwaka 1998 na 2015 nauli hiyo iliondolewa polepole kwa muuzaji ikatwishwa mnunuzi, na mahali ambapo mnunuzi hawezi kuilipa, ndipo sasisho linapofia njiani.

Zamani nauli ilikuwa ya muuzaji, au ya mtu aliyebeba diski mkononi. Programu zilisafiri kwenye diski laini zenye nafasi ya megabaiti 1.44, kisha kwenye sidii, na marekebisho yake yalifika kwa njia hiyohiyo. Zambia haikuchelewa kuingia kwenye mtandao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Zambia kilikuwa kikipeleka barua pepe kwa mafungu, kwa kupiga simu hadi Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na mwaka 1994 chuo hicho kikaanzisha ZAMNET, kampuni iliyoifanya nchi kuwa miongoni mwa za kwanza kusini mwa Sahara kuwa na intaneti kamili. Njia hiyo ya mafungu inastahili heshima kuliko inavyopewa: ujumbe ulingoja laini ipatikane, ukaondoka na wenzake, na laini ikikatika ulingoja tena bila kuharibika. Windows 98 ndiyo iliyokuja na mlango wa kuchukua masasisho moja kwa moja mtandaoni. Agosti 2003 kirusi kilichoitwa Blaster kikasambaa duniani, na kuanzia Oktoba mwaka huo ikawekwa kalenda ya kila Jumanne ya pili. Hata hivyo sidii haikuachwa papo hapo. Februari 2004 Microsoft ilitoa sidii ya marekebisho ya usalama na kuituma kwa posta, bure, kwa aliyeiomba. Furushi kubwa la Windows XP la Agosti 2004, lenye megabaiti 266 hivi kwa wanaolisambaza kwenye kompyuta nyingi, lilipatikana pia kwa sidii, na ilikuwa lazima iwe hivyo, maana kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 mzigo huo ungechukua zaidi ya saa kumi bila laini kukatika hata mara moja. Upande wa Ubuntu, mfumo wa kompyuta unaogawiwa bure, sidii za bure zilitumwa kwa posta tangu 2005 hadi 2011. Baada ya hapo, kwa mtu wa kawaida, posta ikafungwa. Mzigo uliendelea kukua, ila sasa anayeulipia usafiri ni yule anayeupokea.

Mwaka 2015 unaonyesha jambo hili waziwazi kuliko mwaka mwingine wowote. Julai 29 Windows 10 ilitoka, na kwa mwenye toleo la nyumbani masasisho hayakuwa tena ombi la kukubali au kukataa. Septemba Microsoft yenyewe ilikiri kwamba kompyuta za toleo la zamani zilikuwa zinashushiwa mafaili ya Windows 10, hadi gigabaiti 6, kabla mwenyewe hajaomba. Miezi hiyohiyo maji ya bwawa la umeme la Kariba yalikuwa yamepungua na Zambia imeingia kwenye mgawo wa umeme wa saa nyingi kila siku. Mpango uliodhani umeme haukatiki na data haina bei ulitua katika nchi iliyokuwa ikikosa cha kwanza na kukilipia cha pili kwa megabaiti. Wala haikuwa siri kwamba ungeumiza. Macha, kijiji cha Mkoa wa Kusini kilichounganishwa kwa setilaiti, watafiti walipima mtandao na mwaka 2011 wakachapisha walichokiona: watu walipenda zaidi mitandao ya kijamii, lakini sehemu kubwa ya njia ililiwa na masasisho ya mfumo wa kompyuta. Yaani jamii nzima ilikuwa ikigawana bomba jembamba, na mnywaji mkubwa alikuwa mzigo ambao hakuna aliyeketi kuusoma.

Mtu ataniambia kwamba hii ni siasa ya mbali, na kwamba fundi anahitaji kujua kwa nini mashine iliyo mbele yake imekataa. Basi na tuitazame mashine. Sasisho likishindwa, Windows huacha nambari ya hitilafu, na nambari hizo zina mengi ya kusema. 0x80072EE2 ina maana kwamba kompyuta iliita mtandaoni ikangoja, jibu halikuja kwa wakati: tatizo ni laini. 0x80070070 ni diski iliyojaa, na laptopu za bei nafuu zenye hifadhi ya gigabaiti 32 hufika hapo upesi, kwa sababu sasisho kubwa linahitaji nafasi ya kujifungua pembeni kabla ya kushika mahali pa lile la zamani. 0x80072F8F mara nyingi ni saa ya kompyuta kuwa na tarehe ya uongo. Hii huwapotosha wengi, maana mtandao unaonekana upo. Ndani ya kompyuta nyingi za mezani mna betri bapa kama sarafu, CR2032, inayotunza saa wakati umeme haupo. Ikifa, kila umeme ukikatika mashine huamka ikiamini ni mwaka wa nyuma, na vyeti vya usalama vya seva huonekana havijaanza kutumika. Kisha kuna kukatika kwa umeme katikati ya usakinishaji: mashine ikiwaka tena hutangaza kwamba inatengua mabadiliko, na bando lililotumika halirudi. Laini, nafasi, saa, umeme. Katika yote manne, kasoro ya programu yenyewe haimo, na fundi anayeanza kwa kuifuta Windows nzima amemtibu mgonjwa asiyeumwa.

Hoja nzito zaidi ni ya usalama, nami siipingi. Rekebisho la tundu lililotumiwa na kirusi Conficker lilitoka Oktoba 23, 2008. Mwezi uliofuata kirusi kilikuwa mitaani, na kilijifunza pia kupanda flashi, usafiri uleule wanaoutegemea watu wasio na laini. Rekebisho ambalo lingekizuia kirusi WannaCry lilitoka Machi 14, 2017, na hospitali za Uingereza zikaangushwa Mei 12. Kwa hiyo kuzima masasisho kabisa, ushauri unaotolewa kirahisi kwa anayelalamikia bando, ni ushauri mbaya. Lakini hoja hii inaongeza nguvu ya niliyoyasema: kama dawa ni ya lazima, kuifikisha ni sehemu ya dawa. Kuna watakaosema pia kwamba mambo yametengenezwa, na kweli yametengenezwa kwa sehemu. Tangu Windows XP kuna huduma inayoendeleza upakuaji pale ulipokatikia. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 mtu anaweza kuiambia kompyuta kwamba laini yake inalipiwa kwa kipimo. Mwaka 2019 wenye toleo la nyumbani wakaruhusiwa kuahirisha kwa siku chache. Oktoba 2023 Starlink ikaingia Zambia. Tatizo ni kwamba mpangilio wa kipimo lazima mtu aujue na autafute, na sahani ya setilaiti haiwashi rauta wakati umeme haupo. Mwaka 2024 ukame uliporudi, saa za giza zilizidi zile za 2015.

Kuna badiliko moja lililofanywa kwa sababu nyingine ambalo lingefaa sana ufuko huu. Tangu Windows 10 sasisho la kila mwezi linabeba ndani yake karibu yote yaliyotangulia, hivyo aliyekosa miezi mitano hahitaji mafurushi matano. Microsoft huliweka pia kwenye katalogi yake ya wazi, kama faili linaloishia na .msu, ambalo mtu yeyote anaweza kulipakua, mradi achague linalolingana na toleo la kompyuta yake. Mabasi na malori ya chisense iliyokaushwa yanatoka Nchelenge kupitia Mansa, yanavuka mto Luapula kwenye daraja la Chembe, lililochukua nafasi ya pantoni mwaka 2008, yanakatiza ardhi ya Kongo na kutokea mji wa Mufulira. Yakirudi, faili hilo linaweza kurudi nayo kwenye flashi iliyokaguliwa virusi, limeshapakuliwa mara moja mjini, likatosha kompyuta ya mwalimu wa huko Kashikishi, kando ya Nchelenge, na ya jirani yake, kisha likapanda boti hadi kisiwa cha Kilwa, humohumo ziwani. Huko, penye umeme wa jua, lianzishwe saa nne asubuhi, betri zikiwa zinajaa.